Zamu ya Mwisho ya Digory Trembath

Jumamosi hii, tarehe 30 Septemba 1893, Digory Trembath, mkuu wa mafundi wa nguzo za magogo zinazoshikilia mwamba, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili chini ya ardhi. Mgodi umeniomba mimi, Loveday, mama yake, niandike. Sawa, nani mwingine angeweza?

Alifika Michigan akiwa kijana wa miaka ishirini. Kwetu Konwali, Uingereza, bei ya bati ilikuwa imeanguka, na mwamba ulikuwa umemchukua baba yake. Watu walisema Amerika kila Mwingereza hupewa cheo. Uongo mtupu. Alipewa nyundo na mshumaa. Nami nikamfuata. Meli niliiogopa siku za safari tu. Shimo naliogopa mpaka leo.

Desturi yetu mnaijua: mchimbaji akikutana na mwanamke njiani alfajiri, siku imeingia nuksi, anarudi nyumbani. Basi miaka yote hii mkate wake wa nyama na viazi namfungia usiku, na alfajiri najificha nyuma ya pazia, nautazama mgongo wake ukienda. Sijawahi kumuaga usoni.

Ila mara moja nilitoka. Masika ya 1870 alisema mezani kwamba nguzo za mashariki zinalia kwa kuelemewa, lakini amri ni kuingia tu. Sikupata usingizi. Kulipopambazuka nikachukua ndoo, nikasimama katikati ya njia.

"Bibi Loveday, umetuharibia siku!" akafoka Hosken, mwenzake. "Kisima si kiko nyuma ya nyumba yako?"

"Leo nimetamani maji ya huku."

Wote wakageuka kurudi makwao. Digory akanipita, masikio yamemwiva. Baadaye Kapteni Rowse, bosi wao, akaja mlangoni na kunigombeza akiwa amenipa mgongo, asije akaniona.

"Bibi, umenimalizia kundi zima! Nani ashuke sasa?"

"Shuka wewe, Kapteni. Ukazisikilize hizo nguzo."

Akashuka. Alirudi mweupe kama unga. Radhi hakuniomba, ila mchana uleule magogo mapya yaliteremshwa, na Digory akapewa kazi ya kuyasimamisha. Wapo wasemao cheo chake kilianzia kwenye ndoo yangu. Sibishi.

Tangu hapo kila nguzo huigonga kwanza, akatega sikio. Vijana humtania kwamba anabisha hodi kama mtu aliyekwenda kuposa. Wacheke tu. Chini ya nguzo zake hajabebwa mtu ndani ya blanketi.

Sasa amenunua shamba, lake mwenyewe! Kwetu hata bustani ya vitunguu ilikuwa ya bwana mkubwa.

Lakini Jumamosi bado haijapita, na zamu hii ya mwisho naiogopa kuliko ya kwanza. Nitakuwa nyuma ya pazia. Nyinyi wenzake, asanteni kwa kuwa naye huko gizani, mnirudishie salama.

Nawe Digory, Mungu akupe udongo laini na miaka mingi ya jua. Jumatatu ukienda shambani, utanikuta katikati ya njia. Niangalie vizuri, mwanangu, kisha uendelee na safari yako.