Pasi Karisindiwa

Benchi letu liko ubavuni mwa gereji, ubao mmoja juu ya matofali, na kahawa yake nauza mimi. Wananiita Mama Birika. Benchi lina sheria moja ya kipuuzi: atakayesema "sijui", au akachungulia simu kutafuta jibu, anawanunulia wote raundi. Ndiyo maana hapa kila mtu anajua kila kitu. Jumatano asubuhi akaja Pasi, aliyepiga pasi mashuka ya hospitali miaka kumi na tisa, wakamfukuza mwezi uliopita kwa mashuka arobaini yaliyopotea. Huyu kwa kawaida hufika anacheka. Siku hiyo alifika na bahasha imelowa jasho, akajibana katikati ya Wakili, ambaye uwakili wake ni kufagia mahakamani zamani, na Spana, fundi wa magari.

— Jamani, hospitali wameniandikia tena. Kizungu kitupu. Ile nyumba ya kazi natakiwa nitoke Ijumaa, sasa hii sijui...

— Raundi! akadaka Spana.

— Sijamaliza! Nilitaka kusema, hii sijaielewa vizuri.

Wakili akavaa miwani, akaishika barua kwa mbali.

— Hili "termination" tunalijua, ndilo lililokufukuza. Sasa wanasema termination yako imekuwa "rescinded".

— Ndiyo nini?

— Kurisindi, akasema Wakili akisafisha koo, ni kitendo kizito cha mahakama. Mtu wa kawaida harisindiwi. Ni kugongelea msumari. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba: mara ya kwanza walikufukuza kibaba hakikujaa, sasa wanamalizia.

— Weee! akasema Spana. Neno likianza na "ri" ni kurudia. Injini ikifanyiwa rikondishen inarudiwa, si ndiyo? Basi ukirisindiwa, unafukuzwa upya, na safari hii unasindikizwa.

— Na nani?

— Askari. Wawili. Mmoja abebe godoro.

— Na kupekuliwa juu yake, akaongeza Wakili. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Watainama mvunguni mwa kitanda chako kutafuta mashuka.

— Na ile miaka kumi na tisa inafutwa, akasema Spana, keshapanda moto. Itahesabika hukuwahi kupiga pasi hata leso. Wagonjwa waliolalia mashuka yako watatangaziwa kwamba hawakulalia kitu!

Pasi hakucheka.

— Mke wangu ameshaanza kufunga vyombo, akasema. Watoto wananiuliza tunahamia wapi.

Hapo nikachemka kuliko birika. Nikawaambia ukweli wao: nyinyi midomo tu, mwezi mzima mwenzenu anateketea na nyinyi mnachoma maneno, hakuna hata mmoja aliyenyanyua kidole. Loo, niliwasema! Wote wawili wakatazama viatu vyao.

— Mama, waache, akasema Pasi. Mtu akifukuzwa kazi kwa jina la mwizi, wenzake wakimwona wanabadili njia. Hawa walisogea nikapata pa kukaa. Hakuna siku nimekunywa kahawa peke yangu. Hata kama leo ndiyo mwisho, nashukuru, tena nashukuru sana. Lakini jamani, raundi nitanunua. Sijui! Neno hili silijui, na nataka kulijua.

Hakuna aliyeshangilia. Wakili akavua miwani.

— Hata mimi, akasema kwa sauti ndogo.

— Na mimi, akasema Spana.

Miaka saba nauza kahawa pale, sikuwahi kusikia kitu kama hicho.

Ndipo akafika mwalimu mmoja wa kike, mgeni kwetu, vumbi la chaki mkononi, anafuatilia gari lake kwa Spana. Akatuamkia. Mimi sikungoja, nikamwomba atusomee. Akasoma mara moja, akatabasamu.

— Nani mwenye barua?

— Mimi, mwanangu.

— Hongera, baba. Neno hili maana yake ni kutangua. Mtu alitoa amri, sasa anaifuta mwenyewe, inakuwa kama hakuitoa. Ni neno la maofisini: hutangui kikombe wala kiti, unatangua uamuzi, mkataba, amri. Hapa wametangua kufukuzwa kwako. Unarudi kazini Jumatatu, na nyumba ni yako kama zamani.

Pasi akasimama, akakaa, akasimama tena. Kisha mzee mzima akalia mbele ya watu, bila kujificha. Mungu mkubwa! Spana akambeba juujuu, Wakili akawa anasema, "Nilijua, nilijua," asijue anasema nini.

— Ngojeni kwanza, akasema mwalimu. Wanasema mashuka yalikutwa stoo ya pili walipohesabu upya. Na walihesabu upya kwa sababu walipokea barua tatu, miandiko mitatu tofauti, zote hazina jina, zote zinasema mtu huyu hawezi kuiba. Ni akina nani hao walioandika?

Swali jepesi tu. Wakili akaanza kufuta miwani ambayo ilikuwa safi. Spana akajitia kuchungulia tairi la gari la watu. Na mimi nikainamia jiko. Yangu niliiandika kwa penseli, nikamwachia mlinzi wa geti na kumwapisha asiseme. Wallahi nilidhani niko peke yangu.

Pasi akatutazama mmoja mmoja, taratibu.

— Asante, akamwambia Wakili. Asante, Spana. Asante, Mama.

Hakuna aliyekana. Nikawamiminia wale wawili kahawa mpaka ikafurika kwenye sahani, na usoni sikuweza kuwatazama.