Bi. Katunge Mbaluka na Salamu Zisizokatwa

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Katunge Mbaluka atastaafu kutoka kituo chetu cha mafunzo ya wakulima hapa Kabati, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Ataondoka vile alivyoingia: mkoba begani, kichwa juu, na bila kuomba ruhusa ya mtu kabla ya kutoa maoni yake. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa ukurasa mmoja. Yeye mwenyewe, alipopata habari, alisema ukurasa mmoja hautamtosha. Kama kawaida yake, yuko sawa.

Alianza mwaka wa 1994 akiwa mpiga taipu. Waliomkuta wakati huo wanasema mashine yake ilisikika hadi stoo ya mbegu, na kwamba mkuu wa kituo akiwa bado anatafuta neno la kumalizia barua, Katunge alikuwa ameshalipiga na anangoja sahihi. Baadaye kituo kikanunua kamera ya kurekodi siku za wakulima. Video zikawa nyingi, ndefu, na hakuna aliyejua la kuzifanyia. Kompyuta ilikuwa nzee. Kila programu ya kuhariri iliyowekwa ndani ilikuwa inagandisha mashine mpaka mtu achomoe waya.

Hapo ndipo Katunge alipojipatia ffmpeg. Kwa wasioijua kazi hii, ffmpeg haina vitufe vya kubofya wala picha za kupendeza. Ni skrini nyeusi, na wewe unaandika amri kwa herufi: chukua video hii, anzia hapa, ishia pale, ifanye ndogo, iweke kule. Ukibonyeza Enter, inafanya. Ukikosea nukta moja, inakukaripia aya nzima. Katunge aliipenda siku hiyo hiyo. Mwishowe alikuwa amepata kifaa kinachojibu watu vile yeye huwajibu.

Mhasibu mmoja mgeni alipoona ile skrini nyeusi yenye maandishi meupe yanayokimbia, alidhani kompyuta imeharibika, akamwita fundi kutoka Kitui mjini. Fundi alifika, akachungulia, akasema mgonjwa ni mzima, akanywa chai, akaenda zake. Mimi nami nilipotoka Nyeri na kuajiriwa hapa, nilikuja na programu yangu ya rangi rangi, nikagandisha mashine asubuhi yangu ya kwanza. Katunge alinisogezea kiti. "Wariara, kaa hapa," akaniambia. "Hiyo yako ni ya harusi."

Alitufundisha pia lugha yake. Kukata video bila kuigeuza chochote alikuita kukata mbichi. Kuipunguza uzito ili iingie kwenye simu ya mkulima, kazi inayochukua muda, alikuita kupika. Na kompyuta ikiwa inapika, hakuna kuwasha birika la umeme, maana soketi ni moja na stima ya Kabati ina mambo yake. Wageni wakubwa wamewahi kungojea chai hadi ndengu za shamba zima zikamaliza kupaliliwa kwenye skrini.

Mkulima yeyote wa Kitui au Makueni aliyewahi kutumiwa klipu fupi ya kuchimba matuta ya kuzuia mmomonyoko, kukausha ndengu au kutega inzi wa matunda, ametumiwa mkono wa Katunge. Siku nzima ya mafunzo aliigeuza vipande vya dakika chache, vyepesi, vinavyofunguka hata kwenye simu iliyopasuka kioo. Folda nzima aliikata kwa amri moja, huku akiimba tenzi. Tunajivunia kazi hiyo, na yeye anajivunia kutushinda sisi.

Lakini nikiandika sifa peke yake, atanirudishia ukurasa huu nikauandike upya. Kuna jambo lililotokea mwaka wa 2017, na yeye husema ndilo lililomfanya awe mhariri. Kabla ya hapo, anasema, alikuwa mkataji tu.

Kiangazi hicho wakulima walilalamika kwamba klipu zinamaliza bando. Katunge akaziangalia, akaona kila mzungumzaji anachukua nusu dakika nzima kusalimu: Bwana asifiwe, jina lake, nyumba yake, kanisa lake, soko lake, halafu ndipo aguse jembe. Akaandika amri ya kupita kwenye kadi ya kamera, kuruka nusu dakika ya kwanza ya kila video, na kuweka zile fupi kwenye folda yetu. Akaongeza herufi moja, y, ambayo huiambia mashine ichukulie jibu ni ndiyo bila kuuliza. Humo tayari kulikuwa na video nzima zenye majina yale yale. Mashine haikuuliza. Iliziandika zile fupi juu ya nzima. Kisha kadi ikafutwa kwa ajili ya siku nyingine ya wakulima, kwa sababu sote tuliamini nzima zimehifadhiwa.

Klipu zikasambaa. Hazikuwa nzito tena, na hazikuwa na adabu. Iliyomuumiza mtu zaidi ni ya Bi. Mumbua, mkulima wa Mbumbuni anayejua matuta kuliko yeyote tuliyemrekodi. Watu wa kanisa lake na wa soko lake walimwona akitokea ghafla mbele yao akiwaamuru: chimba hapa, tupa udongo juu. "Siku hizi anatufunza kama redio," wakasema. "Hata salamu hana."

Huenda mgeni akaona ni jambo dogo. Kule si dogo. Matuta huchimbwa kwa mwethya, kikundi cha majirani wanaokwenda shamba hadi shamba kwa zamu. Zamu ya Mumbua ilipofika, walikuja watu wachache, wakachimba kidogo, wakakumbuka kwamba wana shughuli nyumbani. Mvua ilikuwa karibu. Shamba lake lilikuwa wazi mteremko mzima, na mvua ya kwanza ingeshuka na udongo wake wote hadi mtoni. Mumbua hakulaumu mtu. Alituma ujumbe mmoja tu kwa kituo, akiuliza alikosea wapi.

Katunge alisoma ujumbe huo akasimama. Tulimshauri aandike barua ya kuomba radhi. Alisema watu hawakumuona Mumbua kwenye barua, walimuona kwa macho, na kwa macho ndiyo watamuona mwenye makosa.

Jumapili iliyofuata alikuwa Mbumbuni. Wakati wa matangazo alisimama mbele ya kanisa, mtu asiyejulikana pale na yeyote, akasema: "Mumbua aliwasalimu nyinyi nyote. Alitaja hata wajane. Salamu zake nilizikata mimi, kwa mkono wangu, na sikumuuliza." Akaketi. Jumatatu mwethya ukajaa shambani, na Katunge alikuwa miongoni mwao na jembe la kuazima. Matuta yalikamilika kabla ya mvua. Alirudi kazini na malengelenge viganjani, akawa anapiga kibodi kwa kidole kimoja wiki nzima, na ole wake aliyecheka.

Halafu akaanza kulipa salamu za wengine. Alizunguka na kamera soko kwa soko, akimwomba kila mkulima asalimu upya, kisha akaziunganisha na mafunzo yao. Hakuna aliyekumbuka nguo alizovaa mara ya kwanza. Ndiyo maana hadi leo kule Kalamba Mzee Mbithi husalimu akiwa ndani ya koti la Krismasi, na kufumba na kufumbua anachimba akiwa na fulana iliyotoboka. Watoto wa soko wanaipenda klipu hiyo kuliko katuni.

Tangu hapo ile y haijaandikwa tena katika ofisi yetu. Kila anayejifunza kwa Katunge huambiwa aache mashine iulize, na akiulizwa asome kwanza. Wataalamu wamekuja kutueleza kwamba mtazamaji huondoka asipovutwa mara moja. Katunge amewasikiliza, amewapa chai, na salamu zimebaki.

Mumbua hataweza kufika Ijumaa. Mvua imenyesha vizuri na palizi imemshika. Ametuma video ya kumuaga rafiki yake, na kamati ya sherehe ikaniomba niikate iwe ya dakika mbili, kwa sababu ya wageni na wapishi. Video nzima ilikuwa tayari kwenye folda ya sherehe. Nikaandika amri ya kuifupisha kwa jina lile lile, na mashine ikauliza: faili ipo, niibadilishe? Nikasoma. Nikajibu hapana. Kwa hivyo wageni wetu, chakula kitachelewa kidogo, na mwenye lalamiko amtafute Katunge, ndiye aliyenifundisha.

Mtamwona Mumbua amesimama juu ya tuta, na nyasi zimelishika sawasawa. Anasema Bwana asifiwe. Anamsalimu mkuu wa kituo, walinzi, wapishi, kanisa lake, wajane, bwana wa Katunge, watoto na wajukuu, na hata sisi tuliotoka Nyeri hatukusahauliwa. Kisha anavuta pumzi na kusema, "Sasa Katunge wakwa, Katunge wangu, ile kitu nilitaka kukuambia…" Hapo simu yake ikajaa na video ikakatika. Hotuba ilibaki Mbumbuni. Salamu zimefika zote.

Asante kwa kazi, Katunge. Kaa vyema nyumbani, mvua ikufikie shambani, na kila atakayepita mlangoni kwako akusalimu mpaka amalize.

Wariara Kanyi, Kitengo cha Video