Mkate wa Bi Mize

Baraza yetu ya Kikwajuni ni ukuta mfupi wa saruji mbele ya nyumba ya Fundi Saa, umeng'arishwa na makalio yetu miaka na miaka, na ole wake atakayekalia pahala pa mwenziwe. Ikisha sala ya alasiri, Buli anafika na dele lake la kahawa na kashata, na upuuzi unaanza. Mie nashona kofia, kwa hiyo mikono ina kazi, masikio hayana. Jumatano ile Fundi Saa alitoka ndani kabeba sinia lililofunikwa kawa, uso umemshuka. Kesho yake mkewe, Bi Mize, alikuwa anatimiza siku arubaini tangu afariki, na kwetu hitma ya arubaini hupikwa kile alichokipenda marehemu, watu wale, wamuombee dua. Fundi Saa kala kiapo: ataupika kwa mkono wake ule mkate wa kumimina ambao Bi Mize akiupika kila Alhamisi. Hataki wa kununua, hataki wa jirani. Huo alioubeba ulikuwa wa nne, na mitatu ya mwanzo kuku waliikataa.

— Onjeni, akasema. Na msinionee haya.

Akafunua. Mkate umepanda pembeni, katikati umedidimia.

— Lahaula! akasema Serikali, karani mstaafu wa bandarini, ambaye kila jambo duniani ana tamko lake. Huu mkate au kiti cha baiskeli?

— Kula kwanza, utukane baadaye.

Tukamega. Iliki ipo, sukari ipo, lakini haushuki kooni mpaka uusukume kwa kahawa. Kila mmoja akaukumbuka ule wenyewe wa Bi Mize. Mwepesi, vitundu vitupu, juu umepiga wekundu, moto bado. Bi Mize hatoki nje, unaona mkono tu wenye hina unapitisha sahani dirishani, na sauti: "Pokeeni, msije mkaungua!" Nawaambia kweli, harufu ile ilikuwa inamtia mtu haraka katika sala. Leo dirisha lile limefungwa siku thelathini na tisa, na mie kila nikilitazama moyo unaniuma.

— Kosa lako mchele, akaanza Serikali. Umetumia wa wapi?

— Wa dukani, wa ng'ambo.

— Basi! Marehemu akitumia mchele wa hapa hapa kwetu, wa Cheju. Wahenga wamesema mcheza kwao hutunzwa. Mchele wa watu utaumukaje ugenini?

— Nao nimeusaga mashineni, mkavu, akakiri Fundi Saa.

— Mkavu? akadakia Buli. Mchele unarowekwa usiku kucha, halafu unasagwa na tui. Hata mie muuza kahawa nalijua hilo.

— Weye mimina kahawa, Serikali akamwambia.

Hapo Bamvua akakohoa. Huyu zamani alikuwa akipaka rangi boti, na tangu hapo hakuna kitu ulimwenguni ambacho kwake hakina kupwa na kujaa.

— Mchele si kitu. Umeumulia nini?

— Hamira ya pakti.

— Pakti! Bi Mize akitia tembo la mnazi.

Fundi Saa akatoa macho.

— Mke wangu? Tembo? Astaghfirullah!

— Tembo tamu, bwana we, la asubuhi, halilevyi hata inzi. Wazee wetu wote wakiumulia hilo. Na si mnajua, mgema akisifiwa tembo hulitia maji? Bi Mize hakusifiwa na mtu, ndo maana tembo lake likawa safi.

Tukacheka mpaka Serikali akamwaga kahawa. Fundi Saa hakucheka.

— Na tena, Bamvua akaendelea, akiumua wakati wa bamvua. Maji yakijaa pwani, na unga unajaa bakulini. Weye umeumua lini?

— Jana.

— Jana maji mafu! Unga ungepanda kwenda wapi?

— Ebo! akasema Serikali. Kwa hiyo kila Alhamisi ilikuwa bamvua?

— Bahari inamjua mtu wake.

— Mzushi mkubwa weye. Hebu nisikilize mie, Fundi. Ile sufuria yake nyeusi, umeifanya nini?

— Nimeisugua kwa mchanga na majivu. Inang'aa.

Serikali akajipiga paja.

— Umeua! Sufuria ina kumbukumbu. Mikate ya miaka thelathini na nane yote ilikuwa imo mle, weye umeisugua yote ukaimwaga uwani!

Lilikuwa neno la mzaha, lakini Fundi Saa aliitazama mikono yake.

— Ilikuwa imeingia masizi, akasema taratibu. Nilitaka iwe safi kwa ajili yake.

Bamvua, kwa kutaka kumchangamsha, akauliza kama aliuimbia unga, kwa sababu Bi Mize akiimba jikoni na unga ukimsikia unaamka.

— Nimeuimbia.

— Umeuimbia nini?

— Wimbo wa skuli. Ndo pekee ninaoujua wote.

— Basi unga umesimama mstarini!

Hata Fundi Saa alitabasamu kidogo. Na hapo ndipo mtu akasema kwa upole nyuma yetu:

— Samahani, wazee wangu. Naomba kuuliza.

Alikuwa Mwalimu Faki, mpangaji mpya kutoka Wete. Ana siku tatu mtaani, bado hatujampa jina wala pahala pa kukaa, kwa hiyo alikuwa kasimama na kikombe chake.

— Uliza, akasema Serikali, ila usitutolee hesabu.

— Hitma hii hupikwa alichokipenda marehemu. Je, yeye akiupenda mkate huu?

— Aka! akasema Fundi Saa. Miaka thelathini na nane anapika kila Alhamisi, mwalimu! Atapika asichokipenda?

— Sisemi kupika. Nauliza kula. Yeye alikuwa akila kipande gani?

Fundi Saa akaanza kukata hewa kwa kidole juu ya sinia.

— Cha katikati changu. Huku kwote kwa baraza. Hiki cha mama yangu, Mungu amrehemu. Hiki kwa Bi Kazija, jirani. Na hiki…

Kidole kikasimama.

— Hakibaki, akasema. Akishagawa, akirudi jikoni. Nikisikia kikombe, chai ya rangi. Na kitu anatafuna. Kikilia, kru, kru. Sikuinuka hata siku moja kwenda kutazama.

— Labda visheti, akasema Bamvua.

— Labda.

— Labda ukoko.

— Kesho nimpikie labda? Fundi Saa akafoka, macho yamejaa. Kumbe nataka kumsomea mke wangu hitma kwa chakula nikipendacho mie!

Hakuna aliyethubutu kumtazama. Akamgeukia Serikali.

— Weye, mkeo Bi Time anapenda kula nini?

— Bi Time? Bi Time anapenda… Serikali akatazama ndani ya kikombe kana kwamba jibu limeandikwa humo. Bi Time hana makuu. Anakula chochote.

— Ndivyo nilivyokuwa nikisema mie.

Akafunika mkate kwa kawa, akavaa kofia yake vizuri.

— Nakwenda Jang'ombe kwa dada yake. Akiwa anakijua, nitakipika hicho, hata kikiwa muhogo mkavu.

Akaondoka kwa miguu, mbio mbio, mtu wa miaka sabini. Sinia akaliacha pale, wala hakuna aliyemega tena.

Buli akagonga vikombe vyake.

— Dele bado nusu. Nani nimwongeze?

Serikali, ambaye hajawahi kuiacha baraza kabla ya adhana ya magharibi, akainuka na kujifuta vumbi nyuma, na jua bado liko juu.

— Na weye wapi? akauliza Bamvua.

— Nyumbani mara moja. Kuna kitu nataka kumuuliza Bi Time.

Nikachomeka sindano kwenye kofia yangu, nami nikainuka kwenda kwa mke wangu.