Mlango Usiokaa Sawa

Masikio hayana kifuniko, na mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi. Mmoja, mjane, alikuwa akimwonyesha jirani yake wa kiti picha ya gari la marehemu mumewe, gari la zamani la mbio, la milango miwili. "Mlango huu hautaki kukaa. Juu unabana, chini unapitisha kidole. Mafundi wamekaza bawaba hadi wamechoka."

"Mimi fundi bodi, mama," akasema yule mtu, na kucha zake zenye rangi ya magari zilithibitisha hivyo. "Ubaya hauko kwenye bawaba. Chesisi, uti wa mgongo wa gari, imepinda. Gari hili liligongwa mbele, tena vibaya."

"Halijagongwa! Alilipangusa kuliko alivyowapangusa wanawe."

"Na boneti ni lile la kwanza?"

"Alibadilisha. Alisema liliangukiwa na tawi." Akaifunika picha kwa kiganja. "Wiki ileile kijana wa jirani aligongwa akiwa kwenye pikipiki yake, na aliyemgonga akakimbia. Mume wangu alibeba jeneza, mbele kabisa."

Fundi akatazama dirishani, ingawa nje hakukuwa na kitu.

"Wewe nisawazishie mlango tu, niliuze."

"Kusawazisha naweza, mama. Lakini mficha maradhi..."

"Yeye kifo kimeshamuumbua," mjane akamkatiza. "Mimi niko ukuta kwa ukuta na mama wa yule kijana. Kila asubuhi huniuliza nimeamkaje. Nimjibu nini?"

Basi likasimama. Fundi akashuka haraka, ingawa tiketi yake ilikuwa ya mwisho wa njia.