'Malereko Nthako na Masahihisho Yake ya Jumamosi

Ndugu, majirani, na wakwe zetu mliovuka mlima tangu alfajiri, naomba mjifunike mablanketi vizuri, maana theluji ya jana bado iko vileleni na upepo wa hapa Ha Mokhethi hauna adabu hata mbele ya jeneza, nami Moeketsi Lebitsa, mdogo wake marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha ya dada yangu, kazi ambayo yeye mwenyewe angeifanya vizuri zaidi, na kwa maneno machache.

Khahliso Lebitsa alizaliwa hapahapa kijijini siku ya Jumamosi, tarehe 3 Agosti 1957, mtoto wa kwanza wa baba yetu, Ntate Lebitsa, ambaye siku hiyo alikuwa chini ya ardhi kwenye migodi ya dhahabu, na mama yetu, Mme 'Makhahliso, ambaye alikuwa peke yake na theluji mlangoni, dada akaolewa Jumamosi, na leo tunamzika Jumamosi, na nyinyi mnaotikisa vichwa huko nyuma angewaambia kwamba mtu mmoja katika kila saba huzaliwa Jumamosi, na kwamba sisi Wasotho harusi na mazishi hatuyafanyi siku nyingine, kwa hiyo tulieni.

Alianza shule ya msingi ya misheni ng'ambo ya kijito mwezi Januari 1964, ambako mwalimu wake alimlalamikia mama kwamba mtoto hasikilizi, kutwa anatazama matone ya mvua yakianguka uwanjani, na alipoulizwa anatafuta nini alijibu kwamba anangoja tone litakaloangukia palepale lilipoangukia la kwanza, na mpaka leo sijui kama aliliona. Akaendelea na sekondari Maseru, kisha kuanzia mwaka 1976 hadi 1980 akasoma takwimu na hisabati katika chuo kikuu kule bondeni Roma, Roma yetu ya hapa nchini, akatoka na shahada, miwani, na tabia ya kumwuliza kila mtu aliyesema neno "daima" kama ana uhakika.

Mwezi Machi 1981 aliajiriwa katika ofisi ya takwimu mjini Maseru, akapanda farasi kwenda kuhesabu watu wa milimani, na alipoiona kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 1983 alirudi nyumbani macho yanang'aa, akaniambia, "Moeketsi, kuna kitu mjini kinafanya ulichokiambia badala ya ulichokitaka, wewe na hicho ni ndugu." Kuanzia mwaka 1996 alifundisha takwimu na kuandika programu chuoni, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2017.

Tarehe 6 Desemba 1986 alifunga ndoa na Ntate Thabang Nthako, mpima ardhi, mtu mpole aliyetutoka tarehe 19 Agosti 2004, na siku ya harusi wakwe walimpa jina la 'Malereko, mama yake Lereko, kama desturi yetu inavyotaka, kabla Lereko mwenyewe hajakuwapo, akalibeba jina hilo miaka sita na zaidi bila mwenye jina, huku mimba mbili zikiharibika, hadi Lereko alipozaliwa tarehe 11 Mei 1993, mtoto wake wa pekee.

Ni Lereko huyo, akiwa na miaka kumi na sita, aliyemfungulia mama yake ukurasa mtandaoni mwaka 2009, na tangu hapo kila Jumamosi dada aliandika pale, kwa Kisotho chetu, mawazo yake juu ya habari za kompyuta na takwimu, bila haraka, kama mtu anayeongea huku anakoroga uji. Ikitangazwa lugha mpya ya programu, alisema ataipokea kama anavyompokea mkwe mpya, aone kwanza atadumu misimu mingapi, na iliposemwa kwamba kompyuta zinawashinda mabingwa wa michezo ya ubao, aliuliza kama zitaweza kucheza morabaraba na jirani yetu Ntate Sekake, ambaye ukikohoa tu ng'ombe wako wawili, yaani kete zako, wametoweka ubaoni, na Ntate Sekake, nakuona, usijifanye unatafuta kofia. Siku nyingine habari yenyewe ilimpotea katikati, akawa anaandika juu ya ukungu unaopanda bondeni asubuhi, akijiuliza kama kuna hesabu inayojua utafika mlango wa nani kwanza, na tulioamka mapema kumsoma tulikaa na kikombe mkononi tukautazama ukungu, chai ikapoa.

Chini ya kila andiko aliweka sehemu aliyoiita Masahihisho, ambapo alikiri makosa ya Jumamosi iliyopita, hata ya tarakimu moja, kwa sababu alisema anayechapisha namba isiyo sahihi huku anajua, huyo amemwibia msomaji.

Sasa nafika mahali ambapo ukoo ulitaka niparuke, nami nimekataa. Mwaka 2016 Lereko alitengeneza programu ya kutabiri siku za mvua ya mawe, redio ikaimba sifa zake, wakulima wa bonde hili wakaanza kuahirisha kupanda wakingoja programu iseme, na dada alipoipitia aliona kwamba kijana aliipima kwa miaka ileile aliyoifundishia, kama mwanafunzi anayepewa mtihani wenye majibu aliyokwisha kuoneshwa. Jumamosi ya tarehe 12 Novemba 2016 aliyaandika hayo yote ukurasani, hatua kwa hatua, akimtaja mwanawe kwa jina, na hesabu yake ilikuwa sahihi, jamani, ilikuwa sahihi kabisa, ila hakumwita kwanza mezani wakanywa chai. Redio ikacheka, Lereko akafunga begi, akavuka mto Mohokare ulio mpakani mwezi Desemba, simu yake ikazimika, na dada akarudi kulibeba jina bila mwenye jina.

Hakulia mbele yetu, ila kila tarehe 11 Mei alioka mkate, akakata kipande akakiweka pembeni, akataja kwa sauti umri wa mwanawe wa siku hiyo, halafu tukala. Na kila Jumamosi aliandika, hata alipokuwa mgonjwa, nami nikimwambia apumzike alinijibu, "Nani kakwambia naandikia watu wote?"

Mwezi Februari mwaka huu wa 2025 madaktari waligundua uvimbe kwenye ini, akalazwa mwezi Juni, na akiwa kitandani, tarehe 12 Julai, aliandika Jumamosi yake ya mwisho, ambayo haikuwa na habari yoyote, ilikuwa Masahihisho peke yake, akisema kwamba katika andiko la Novemba 2016 hesabu anaisimamia, lakini kosa lilikuwa lake, kwa kuwa alimsahihisha mwanawe mbele za watu, naye alikuwa kijana wa miaka ishirini na miwili tu, aliyejenga kitu kwa mikono yake, na kwamba anamwomba radhi.

Jumatatu tarehe 14 Julai, chini ya andiko hilo, pakatokea maoni mafupi, yakisema, "Mama, kuna kosa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu."

Nilimsomea mimi, naye akacheka hadi muuguzi akaja mbio, ndipo nikamwuliza, "Dada, wewe kweli wa kusahau umri wa Lereko?" akageuzia uso dirishani kwenye milima, akasema, "Yule hawezi kuona kosa akalipita, nimemzaa mimi." Miaka kumi na sita ya ukurasa ule, hiyo ndiyo namba pekee aliyoikosea huku anajua.

Lereko alifika Jumatano jioni kutoka mbali, akaketi kando ya kitanda, wakabishana juu ya mvua ya mawe, kwa sauti ya chini, mkono wake ndani ya mkono wa mama yake, na Alhamisi tarehe 17 Julai 2025, jua likichomoza, dada yangu alitutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na saba.

Ukoo unawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole, majirani mliochota maji na kupika tangu wiki iliyopita, walimu wenzake na wanafunzi wake, na wasomaji wa Jumamosi mliotoka tusikokujua. Wengi mmeniuliza lini ile miaka ishirini na miwili itasahihishwa ukurasani, nami nawaambia mwenyewe alikataza isiguswe. Haya niliyosoma Lereko ameyapitia jana, amenisahihisha tarehe mbili bila huruma yoyote, na sasa amesimama hapa kulia kwangu, na blanketi la baba yake mabegani. 'Malereko, pumzika kwa amani, mwenye jina yuko nyumbani.