Barafu Isiyoacha Maji

Risala ya Wafanyakazi wa Ushirika wa Barafu, Isevya, Tabora, Oktoba 1979

Mgeni rasmi, Ndugu Daktari Jilala Limbu, mwana wa Nzega uliyesomea barafu ng'ambo, Ndugu Meneja, ndugu wananchi: wakubwa shikamooni.

Redio ilipotangaza kwamba mtaalamu wa barafu amerudi nyumbani, tulikualika siku hiyohiyo, tukakuandalia na ovaroli. Jana ndipo ulipotueleza kwamba hutengenezi mitambo. Unachunguza barafu ya bahari kwenye ncha za dunia, kwa rada iliyofungwa kwenye setilaiti. Ovaroli tumeirudisha stoo. Heshima iko palepale.

HISTORIA
Wapagazi wa misafara walipita hapa wakiomba maji. Marehemu Mzee Salmini ndiye wa kwanza kuwauzia wajukuu wao maji yaliyoganda, na wengi walimrudishia wakisema yanaunguza. Sasa mtambo wake ni wa ushirika.

MAFANIKIO
Samaki wa Isevya hawanuki tena hadi mtaa wa Ipuli.

MATATIZO
Umetufundisha kwamba barafu ya huko hutanuka majira ya baridi na kusinyaa majira ya joto, na rada huiona hata gizani, hata penye mawingu. Yetu ina majira yake. Husinyaa Ramadhani. Na Juni, tunapojifunika blanketi, ilikwisha kabisa. Ilikwisha wiki ileile Ndugu Meneja alipokuwa akimwoza binti yake.

Mwenzetu Mwanne, mtunza stoo, amesimamishwa kazi kwa uzembe wa kuiacha iyeyuke. Alimwuliza Ndugu Meneja, "Ikiyeyuka si huacha maji? Mbona sakafu kavu?"

Akajibiwa, "Hayo ni mambo ya sayansi, mama."

Mwanne sayansi hakuisoma. Wewe umeisoma.

MAOMBI
Hatuombi mtambo mpya. Rada yako ikipita juu ya Isevya, itupie jicho mlango wetu wa nyuma. Ikiwa haina nafasi, basi tamka hapa, wote tusikie: huko kote, umewahi kuona barafu iliyoyeyuka bila kulowesha kitu, na kufuli likabaki zima? Jibu lako ndilo litakalomrudisha Mwanne kazini, au kumpeleka kwao Igunga na wanawe.

Mwenyezi Mungu akupe afya, na setilaiti yako isianguke. Karibu soda, ni baridi sana. Stoo yetu leo ni tupu, kwa hiyo barafu iliyopoza soda hizi imeletwa kutoka nyumbani kwa Ndugu Meneja. Tunamshukuru kwa ukarimu wake.

Ni sisi, Wafanyakazi wa Ushirika wa Barafu, Isevya.
Imesomwa kwa niaba yao na Zeyana Thabit.