Chaki kwenye Mlango wa Kumi na Moja

Mheshimiwa mgeni rasmi; Mwenyekiti wa bodi; Bwana Meneja; wafanyakazi wa bustani hii ya michezo, kuanzia wanaokaa ofisini mpaka wanaoshika ufagio; wazazi wenzangu; ndugu zangu wenye kadi za mwaka, ambao nawaona mmeshawahi viti vya mbele kama kawaida yenu; na ninyi wanangu mliopanga mstari pale kwenye utepe mkisubiri gurudumu kubwa la bembea lianze: nawasalimu nyote. Na wewe Fundi Chaki, uliyekaa pembeni umevalishwa tai ambayo naona inakukaba, shikamoo baba.

Niombe radhi mara mbili kabla sijasema lolote. Kwanza, nikipiga miayo msidhani mmenichosha. Mwanangu wa mwisho anaota meno, na yanaota kwa zamu, likitulia hili linaanza lile. Huyo mnayemsikia analia kule nyuma, mikononi mwa mdogo wangu, ndiye yeye. Pili, nimepewa karatasi hii niisome. Imepigwa chapa vizuri, nami nimeipitia mara tatu nikiwa nanyonyesha. Inasema kwamba mimi, mama wa mtoto aliyepatwa na "tukio dogo" kwenye gurudumu, naishukuru ofisi kwa hatua ilizochukua, namtakia fundi mapumziko mema, kisha namkaribisha mgeni rasmi akate utepe. Sitaisoma. Naikunja hivi, naiweka kwenye mkoba wa nepi. Mshereheshaji, nimekuona ukiangalia saa. Niachie dakika zangu, ndugu yangu, sitakuaibisha.

Wageni mliotoka mbali pengine hamtujui sisi wenye kadi za mwaka. Sisi tunakuja hapa kila wiki, mvua inyeshe, jua liwake. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na Jumamosi nikishafunika cherehani yangu, benchi lile karibu na gurudumu ndipo mahali pekee duniani ninapoweza kukaa huku kitu kingine kikimchosha binti yangu badala yangu. Bustani hii tunaipenda, na kwa kuwa tunaipenda, hakuna watu wanaoilalamikia kama sisi. Farasi mweupe wa kuzunguka ana sikio moja, mwaka wa tatu sasa. Mlango wa choo cha kina mama haufungi, mpaka tumezoea kuimba tukiwa ndani ili anayekuja ajue kuna mtu. Kwenye jina la bustani pale getini zimebaki herufi nne zinazowaka, na ukizisoma hazisemi kitu. Halafu wageni wenzetu! Kuna yule anayepanga mstari peke yake, mpole kabisa, akifika mlangoni anageuka na kupaza sauti, "Haya njooni!" na hapo wanatokea shangazi, mabinamu na mapacha. Kuna anayebandika chingamu chini ya kiti kama anayemwekea mwenzake akiba. Kuna mama mmoja nilimkuta anambadilisha mtoto nepi juu ya meza ya kulia. Nikamwambia, "Dada, hapa watu wanakula." Akaniangalia juu mpaka chini, akasema, "Kwani hii bustani ya baba yako?" Nikamjibu, "Ingekuwa ya baba yangu, ungekuwa umeshafika getini."

Mnacheka. Chekeni tu sasa hivi, maana huko mbele sidhani kama mtacheka.

Sisi wenye kadi tuna kundi letu kwenye simu, na humo tulikuwa tunashindana nani ameandika barua nyingi zaidi za malalamiko. Mimi ndiye niliyekuwa naongoza. Barua arobaini na moja kwa mwaka mmoja! Waliniita Malkia, na sitawadanganya, nililifurahia jina hilo. Mtu anayeamka na mtoto mara nne kwa usiku anafurahia chochote anachoongoza.

Sasa nisikilizeni vizuri. Fundi huyu, kabla geti halijafunguliwa, alikuwa anapita kwenye vibanda vyote ishirini vya gurudumu. Anagonga kila bawaba kwa nyundo ndogo, anatega sikio, anavuta kila komeo mara mbili. Kikiwa kizima, anachora mkwaju mmoja wa chaki mlangoni, mstari wa mshazari. Kikiwa na kasoro, anachora msalaba. Dada wa mlangoni, anayepakia watu, alikuwa haangalii kitu kingine. Mkwaju, panda. Msalaba, anafunga kamba, kibanda kinapita kitupu. Hakuna aliyewahi kuandika utaratibu huo popote. Na sisi tunaojifanya tunaijua bustani hii kuliko walioijenga, tuliziona chaki hizo miaka yote, tukampa mzee wa watu jina la utani, Fundi Chaki, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumwuliza, chaki hii ni ya nini?

Barua yangu ya thelathini na tisa ilisema hivi, naijua kwa kichwa: "Milango ya gurudumu imejaa michoro ya chaki. Inachafua nguo za watoto na kuitia bustani aibu. Naomba ifutwe kila asubuhi kabla wageni hawajaingia."

Mimi niliandika hivyo. Mimi, ambaye riziki yangu ni chaki! Kila siku nachora kitambaa, kata hapa, kunja hapa, na mwanangu akigusa mstari wangu nampigia kelele nyumba nzima isikie. Siku nilipoandika barua ile nilikuwa na kipande cha chaki mfukoni mwa aproni. Na kati ya barua zangu zote arobaini na moja, sikio la farasi, choo, taa, ofisi ilichagua kutekeleza hiyo moja. Kwa nini? Kwa sababu ilihitaji ndoo ya maji na kitambaa tu.

Wiki tatu zilizopita tulipanda kibanda namba kumi na moja. Nilikuwa nimempakata mdogo, na binti yangu, ana miaka sita, amekaa ng'ambo yangu, mgongo ameuegemeza mlangoni kama watoto wote wanavyokaa. Tulipofika juu kabisa, ananiambia, "Mama, naona paa la shule yetu." Nikamwambia, "Liko wapi?" Akageuka anionyeshe. Komeo likaachia.

Sikupiga kelele. Watu wananiuliza nilipiga kelele kiasi gani, sikupiga. Mkono mmoja una mtoto mchanga, mkono mwingine umeshika gauni begani, na mwili wa mwanangu kuanzia kiunoni uko nje. Gauni hilo nililishona mwenyewe, begani nilipitisha mshono mara mbili. Nikausikia mshono wa kwanza unaachia, uzi mmoja mmoja. Nikabaki na ule wa pili. Na chini, ndugu zangu, chini kulikuwa na mtu ameinua simu anarekodi huku anacheka, akidhani tunacheza. Na kwenye mstari kuna sauti ikapaa hadi kule juu tulipo: "Washusheni basi, na sisi zamu yetu!"

Dada wa mlangoni ndiye aliyeuona mguu wa mtoto ukining'inia. Alizungusha gurudumu polepole, nusu duara nzima, huku analia. Tulishuka. Binti yangu alipofika chini aliuliza kiatu chake kimoja kiko wapi.

Kesho yake nilikwenda karakana kumtukana huyu mzee, na nilimtukana. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto hawa. Alikuwa anapaka mnyororo grisi. Aliniacha nikamaliza, akafuta mikono, akanifungulia daftari lake. Tarehe ile. Kumi na moja: komeo limelegea, msalaba.

Nikamwambia, "Mbona sikuona msalaba?"

"Ulifutwa."

"Na nani?"

"Muulize anayefuta."

Nikamfuata mama wa usafi. Naye akanijibu kwa ukali, "Mimi nafuta ninachoambiwa. Kuna mteja aliandika barua, imebandikwa stoo, nenda ukaisome." Nikaenda. Nikaukuta mwandiko wangu.

Nilirudi karakana. Nikamwuliza, "Baba, ulikuwa unajua ni mimi?" Akasema, "Barua imebandikwa stoo juu ya ndoo yangu, ina jina lako, nitakosaje kujua?" Nikamwuliza, "Sasa mbona umeniacha nikakutukana hivyo?" Akarudi kwenye mnyororo wake. "Ulikuwa umebeba mtoto," akasema. "Ningekuongezea mzigo?" Halafu, kwa kuwa ndivyo alivyo, akaongeza, "Na bado unaegesha kigari cha mtoto mbele ya mlango wangu. Kiondoe."

Bwana Meneja, kaa tu, sijakuita mhalifu. Nimesimama hapa kubeba fungu langu, na fungu langu ni kubwa. Lakini siwezi kubeba na lako. Siku ile asubuhi dada wa mlangoni alikuja ofisini kwako akauliza, "Leo hakuna chaki hata moja, nafanyaje?" Akajibiwa, "Chaki zimepigwa marufuku, zinachafua. Wewe pakia." Yupo hapa, na ameniruhusu niseme. Fundi naye, chaki zake zilipokwisha kufutwa, aliambiwa ajaze fomu badala ya kuchora tena. Alijaza. Fomu iliondoka karakana saa moja asubuhi, ikafika kwa dada wa mlangoni saa saba mchana, ikiwa na mhuri mzuri kabisa. Sisi tulipanda saa nne.

Na taarifa iliyobandikwa ubaoni inasema nini? Inasema uzembe wa fundi. Mtu aliyekagua, akaona, akachora, akaandika daftarini na kwenye fomu, ndiye mzembe? Na mimi niliyeomba chaki ifutwe ni mteja wa heshima, nimekaribishwa meza kuu na kuwekewa maji ya chupa? Leo anapewa saa ya ukutani na keki, tunaambiwa amechoka, anakwenda kupumzika. Mwangalieni. Huyo amechoka? Mimi ndiye niliyechoka! Yeye ametolewa.

Fundi, mbele ya watu hawa wote naomba unisamehe. Nilikutukana faraghani, na barua yangu ilikuharibia jina hadharani, kwa hiyo hadharani ndipo ninapopaswa kuomba. Taarifa ile ibanduliwe. Barua yangu ya arobaini na mbili iko tayari, ni fupi, inasema nani alifuta chaki na kwa ombi la nani, na chini kuna jina langu na sahihi yangu. Nimeomba ibandikwe pale pale ilipokuwa ile taarifa.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya nishindwe kusoma ile karatasi.

Leo asubuhi nilifika mapema, nikazunguka gurudumu lote na mtoto mgongoni. Vibanda ishirini vimepakwa rangi mpya, vinang'aa, mtu angeweza kujitazama humo akachana nywele. Wenye kadi wenzangu, hiki ndicho tulichokuwa tunakililia miaka yote, sivyo? Rangi. Haya, tumepata. Lakini Fundi hajaruhusiwa kulisogelea gurudumu kwa wiki tatu. Sasa nauliza, na naomba yeyote mwenye jibu anyooshe mkono, sitaona vibaya: nani amevuta makomeo yale? Nani amegonga bawaba?

Bwana Meneja?

Mwenyekiti?

Nasubiri.

Mheshimiwa mgeni rasmi, mbele yako kuna sahani, na kwenye sahani kuna mkasi. Nakuomba kwa heshima zote usiushike kwanza. Najua umetoka mbali na ratiba yako ni ndefu. Watoto hawa nao wana ratiba yao, wengi wao hawajafika miaka kumi. Binti yangu yuko katika mstari ule, wa nne kutoka mbele, mwenye gauni lililoshonwa upya begani. Sikumlazimisha, ametaka mwenyewe kurudi. Alipofika kwenye utepe alinivuta mkono akaniuliza jambo moja tu: "Mama, babu wa chaki ameshaweka alama?"

Nimemwambia bado. Nimemwambia hapandi mtu mpaka babu aweke, na sitaki leo mwanangu anione mwongo.

Hiki hapa ni kipande cha chaki, ni changu cha kushonea, cheupe. Nakiweka kwenye sahani, kando ya mkasi.

Baba, naona umeshaanza kulegeza tai. Ilegeze kabisa, itoe, nipe nikushikie. Dada wa mlangoni, mletee nyundo yake. Wanangu, rudini nyuma hatua tatu, mpisheni apite; na yule baba mwenye kofia aliyeanza kuwaita jamaa zake waingie mstarini, nimekuona, bado hatujafika huko.

Nawashukuru kwa kunivumilia na kwa kuniazima masikio yenu. Sasa nayaomba mumpe yeye. Vibanda viko ishirini, na bawaba mbovu huwa inajibu kwa sauti ndogo sana. Tunyamaze, asikie.